WAZIRI ANAPOULIZWA: TUSIKILIZE NINI, NA TUULIZE NINI?

(Maneno ya mwanachama mmoja wa reli katika mkutano wa tawi. Yamechapishwa kwa ombi la kamati.)



Mimi si msomi. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikafunzwa kusoma, kuandika, hesabu na katekisimu, kisha nikaenda kutafuta kazi. Lakini katekisimu ile imenifaa katika chama kuliko nilivyodhani, maana kitabu chote ni maswali na majibu. Mwalimu wetu alikuwa akisema, mtu asiyejua kuuliza hawezi kujua kama amejibiwa.

Kamati imenipa kazi ya kusema juu ya mawaziri wanapoulizwa maswali katika Bunge. Najua wako humu wanaosema, "Hayo ni maneno ya wakubwa, sisi tunataka mshahara." Nawaomba mnivumilie kidogo. Usiku huu tuna shauri la kupigia kura, nalo ni lile la wenzetu vibarua wa njia ambao fedha zao za NSSF zinakatwa na hazionekani. Nitafika huko. Kwanza tuangalie silaha yenyewe, kabla hatujaamua kama tuitumie.

SWALI NI KITU CHA ZAMANI

Marehemu babu yangu alikuwa mfanyakazi wa reli siku za ukoloni, kazi yake kugeuza njia za magari ya moshi. Yeye ndiye aliyenisimulia habari ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 waliokuwa kizuizini walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Watu waliosikia hawakuamini, lakini kutoamini si ushahidi. Uchunguzi wa vifo ukaonyesha kwamba miili ilikuwa na majeraha ya vipigo. Kisha katika Bunge la Uingereza wabunge waliuliza, na Bibi Barbara Castle alikuwa mmojawao. Waliuliza nani alitoa amri, nani aliandika habari ya maji, na waziri wa makoloni alijua nini. Wakajibiwa nusu, wakauliza tena.

Ndugu zangu, sisemi kwamba maswali yale yalileta haki kamili. Hayakuwafufua wale 11. Lakini ile habari ya maji ilikufa, na tangu siku hizo hakuna mtu mwenye akili zake anayeweza kuisimamia. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya swali. Laweza kukosa kukupa unachotaka, lakini humfunga mkubwa kwa maneno yake mwenyewe, yakaandikwa, asiweze kuyakana.

Hapa kwetu nako, Waafrika walipochagua wajumbe wao wa kwanza 8 wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, mmoja wao alikuwa mtu wetu wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya. Wajumbe wale walikataa kupokea vyeti vya uwaziri katika serikali ya namna ile. Walibaki upande wa kuuliza na kupinga. Walijua kwamba mwenye kuuliza ana nguvu, hata akiwa hana gari la serikali.

JINSI MAMBO YALIVYO SASA

Baada ya Uhuru mwaka 1963, mawaziri wetu walikuwa pia wabunge. Waliketi humo humo Bungeni, wakaulizwa humo humo. Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha jambo hili. Waziri si mbunge tena. Kwa hiyo, tangu serikali iliyoingia baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, kwa miaka karibu kumi waziri alijibu mbele ya kamati tu. Kifungu cha 153 kinasema waziri akiitwa na kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti, sharti aje na ajibu swali lolote la kazi iliyo chini yake. Mwaka 2022 Rais aliomba Bunge libadilishe kanuni zake ili mawaziri waje mbele ya wabunge wote, nao wakaanza kuja mwaka 2023.

Tena Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 120, inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu huogopa. Hudhani swali la waziri ni lazima liandikwe na wakili kwa Kiingereza kizito. Sivyo.

HABARI YA MIZIGO NA RELI

Sasa niwape mfano tunaoufahamu kwa mikono yetu. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba makontena yanayokuja bara yapakiwe reli na kutolewa ushuru Nairobi. Sisi wa reli tulifurahi. Mimi mwenyewe, sitaficha, nilifurahi. Mizigo mingi ni kazi nyingi, na kazi nyingi ni chakula cha watoto.

Lakini nina shemeji yangu aliyekuwa utingo wa lori. Alikuja kwangu na mfuko mmoja wa nguo akasema, "Shemeji, mkate mnaokula ninyi ni ule uliotoka mdomoni mwetu." Sikuwa na jibu. Nilimtandikia mkeka akalala. Na si yeye peke yake. Fikirini dereva, fikirini fundi wa magurudumu, fikirini mama wa kuuza chakula Mariakani na Mtito Andei, fikirini karani wa kutoa mizigo Mombasa. Watu wa Mombasa waliandamana. Kesi ikaenda kortini, na mwezi Novemba mwaka 2020 Mahakama Kuu ikasema amri ile haikuwa halali kwa Katiba, maana wananchi hawakushirikishwa. Mwezi Septemba mwaka 2022 Rais mpya akaagiza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa.

Mimi na shemeji yangu tulizozana miaka mitatu nani kamla mwenzake. Ndugu zangu, tulikuwa tukigombana sisi kwa sisi kwa sababu hatukujua chanzo. Chanzo kilikuwa katika karatasi. Reli ilijengwa kwa mkopo kutoka benki moja ya serikali ya China, mikataba yake ikatiwa sahihi mwaka 2014. Mkopo hulipwa kwa fedha, na reli hupata fedha kwa mizigo. Kwa hiyo mwaka huo huo wa 2014 yalifanywa mapatano kwamba Bandari itahakikisha reli inapata kiasi fulani cha mizigo kila mwaka, na kikipungua, pengo lilipwe. Basi fikirini wenyewe. Ukiisha kuahidi mizigo ya watu wengine, siku moja utalazimika kuwaamuru watu hao walete mizigo yao. Hii ndiyo siasa ya biashara. Haikai katika vitabu vya wizara tu. Inafika hadi kwenye mkeka wa shemeji yangu.

Je, nani aliuliza? Wako walioomba kuiona mikataba. Jibu la serikali lilikuwa kwamba ina kifungu cha siri. Watu wa umoja unaoitwa Okoa Mombasa na wenzao wakaenda kortini kwa kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwezi Mei mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema habari zile zitolewe. Mwezi Novemba mwaka ule waziri mpya wa uchukuzi akatoa mikataba mitatu ya mkopo hadharani. Ndipo tukasoma sisi sote kwamba, ikitokea ugomvi juu ya mkopo, shauri litaamuliwa huko China.

Tangu 2014 hadi 2022 ni miaka 8. Jibu lilikuwa kabatini muda wote huo. Kama lingalitoka mapema, mimi na shemeji yangu tungalikaa upande mmoja wa meza na kuuliza pamoja: mizigo ikihamishwa, wenye lori watapewa kazi gani, na lini, na kwa fedha za nani?

MAJIBU YA AINA TATU

Nimesikiliza mawaziri wengi redioni na kwenye simu wakijibu. Wako wanaojibu vizuri, lazima tuseme kweli. Lakini kuna majibu ya aina tatu ambayo mwanachama ayajue kama ajuavyo bendera nyekundu.

La kwanza ni "jambo hili linashughulikiwa." Jibu hili ni kama gari lililosimama kwenye ishara. Injini inanguruma, moshi unatoka, na stesheni haikaribii. Dawa yake ni swali moja tu: na nani, na litamalizika tarehe gani?

La pili ni "jambo hili si la wizara yangu." Wakati mwingine ni kweli. Jambo la mfanyakazi wa reli lina milango mingi: uchukuzi, kazi, biashara, na hazina ya serikali. Ukibisha mlango usio wako utafukuzwa kwa adabu. Kwa hiyo uliza kwanza ndani ya chama, hili ni la nani? Na waziri akisema si lake, aulizwe ni la nani, jina la wizara liandikwe.

La tatu ni jibu la hesabu kubwa. Unauliza kwa nini choo cha stesheni kimefungwa, unajibiwa serikali imetumia mabilioni mangapi kwa maendeleo ya miundombinu nchi nzima. Ndugu zangu, hesabu kubwa isitutie kiwi. Rudisha swali pale pale: kile choo, stesheni ile, kitafunguliwa lini?

Pia tusidanganyane kwamba kuuliza kunamwangusha waziri kila mara. Katiba, kifungu cha 152, inawapa wabunge njia ya kumtaka Rais amwondoe waziri. Mwaka 2024 njia hiyo ilijaribiwa juu ya waziri wa kilimo katika mambo ya mbolea bandia. Wabunge wengi waliunga mkono, ikaundwa kamati ya watu 11. Kamati ikaamua, 7 kwa 4, kwamba mashtaka hayakuthibitishwa, na habari ikaishia hapo. Somo kwetu ni nini? Hasira ya watu ni kitu kikubwa, lakini mbele ya kamati kinachohesabiwa ni ushahidi.

NILIVYOJIFUNZA MWENYEWE

Mwaka 2014, kabla sijaja kazi hii, nilikuwa kibarua wa mkandarasi mmoja ambaye jina lake silitaji. Tulikuwa watu 23. Kila mwezi tulikatwa shilingi 200 za NSSF, na kwa sheria ya siku zile mwajiri naye alipaswa kuongeza 200 zake. Baada ya miezi 14 mwenzetu mmoja alienda kuangalia hesabu yake, akakuta haina hata senti. Tukaangalia sote. Hakuna.

Hesabu mnaijua. Shilingi 400 kwa miezi 14 ni 5,600 kwa mtu mmoja. Kwa watu 23 ni 128,800. Kwa tajiri si kitu. Kwa kibarua ni uzee wake.

Tuliandika barua kwa moto mwingi. Tulisema tunaonewa, tunadhulumiwa, serikali itazame machozi ya wanyonge. Tulipeleka kwa afisa wa kazi na kwa ofisi ya mbunge. Tukajibiwa, "Jambo lenu linashughulikiwa." Tukashukuru! Naona haya kusema, lakini tulifurahi kama watu waliolipwa. Miezi minne tukakaa tukingoja.

Kisha karani mmoja mzee, aliyestaafu, akasoma nakala ya barua yetu. Akacheka kwa huruma akasema, "Wanangu, hii ni sala, si swali. Serikali haijibu sala." Akatukalisha chini ya mti Jumapili mbili. Tukaandika orodha: jina, namba ya mwanachama, mwezi gani mtu alikatwa, na karatasi ya mshahara inayoonyesha. Halafu tukaandika maswali matatu tu. Je, mkandarasi huyu ameandikishwa? Je, amepeleka fedha za miezi hii, ndiyo au hapana? Kama hapana, afisa atamchukulia hatua gani, na kufikia tarehe gani?

Barua ya pili haikuwa na chozi hata moja. Lakini ndiyo iliyomleta mkaguzi mlangoni. Tulipata miezi 9. Ile 5 iliyobaki hatukuipata mpaka leo, maana mkandarasi alikuwa amekwisha kumaliza kazi yake na kuondoka. Na wawili kati yetu hawakupata chochote kwa sababu hawakuwa na karatasi za mshahara. Mmoja alikuwa akiwashia jiko nazo. Tulipokuwa tukishangilia, yeye alikuwa ameketi kando kimya. Uso wake ule ndio unaonileta mbele yenu usiku huu, maana vibarua wa njia wa leo wako pale pale tulipokuwa sisi. Tofauti ni kwamba fedha zimekuwa nyingi zaidi, kwa sababu tangu mwaka 2023 makato ni asilimia 6 ya mshahara, hadi kiwango kilichowekwa, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho.

SHAURI LILILO MBELE YETU

Nimesikia vijana wakisema, tugome kesho asubuhi. Haki ya kugoma iko katika Katiba, kifungu cha 41, na mimi sitakuwa mtu wa kuwaambia muitupe. Lakini fundi hatumii nyundo kubwa kabla ya kujua msumari uko wapi. Tukigoma bila orodha, tutaulizwa, mnadai fedha za nani, za mwezi gani? Tukikosa jibu, waliogoma watafukuzwa na fedha zitapotea pamoja na kazi.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo manne.

Kwanza, kila kibarua alete karatasi zake za mshahara kwa Katibu, naye azipige picha na kuzirudisha siku hiyo hiyo. Asiyekuwa na karatasi aseme, ili wenzake waliofanya kazi pamoja naye washuhudie kwa maandishi.

Pili, tupeleke ombi la habari kwa ofisi inayohusika, kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na sheria inawapa siku 21 kutoa uamuzi. Wakikataa au wakinyamaza, tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ukimya wao nao tutauandika tarehe.

Tatu, tumpe mbunge wetu swali fupi la kumwuliza waziri wa kazi. Fupi, nasema. Swali refu humpa mkubwa nafasi ya kuchagua mahali pa kujibu. Na tusimwachie mbunge peke yake. Siku ya jibu, wawili wetu waende wakaketi pale wanapoketi wananchi, maana kifungu cha 118 kinasema Bunge lifanye kazi yake wazi. Waje watusomee neno kwa neno kilichojibiwa.

Nne, kama jibu ni lile la gari lililosimama, basi tuandike ombi rasmi kwa Bunge, kwa kifungu cha 119, kila mtu na sahihi yake. Hapo kamati yaweza kutuita. Tukiitwa, twende na orodha, na yule atakayesema asiwe mwenye sauti kubwa, bali mwenye kumbukumbu nzuri.

Hayo yote yakishindikana, ndipo turudi katika ukumbi huu kuzungumza habari ya kugoma. Siku hiyo hakuna atakayetuuliza tunadai nini, kwa sababu yatakuwa yamekwisha kuandikwa, na majibu yao yatakuwa yameandikwa kando yake.

Neno langu la mwisho ni kwa vibarua wenyewe, ambao nawaona mmeketi nyuma karibu na mlango kana kwamba mmekuja ugenini. Sogeeni mbele. Sisi wa kudumu tulifanya kosa mwaka 2019 kudhani mkate wa mwenzetu wa lori hautuhusu. Tusilirudie. Kama makato ya kibarua yanaweza kupotea bila mtu kuuliza, kesho yatapotea ya karani, na keshokutwa ya dereva. Na tafadhali, usiku wa leo mkifika nyumbani, kabla mama hajawasha jiko, tazameni karatasi anazowashia.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo haya manne yapigiwe kura. Nimekwisha.